Kwenda Kharumwa Bila Kuitwa

Mzee alisema liwali hakuruhusiwa kwenda kumwona mwanawe mpaka aitwe, na mimi nikaacha kuandika.

"Mbona kimya?" akauliza. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa akiifuata kalamu yangu kwa masikio. Ikisimama, anajua.

"Kalamu imegoma, Mzee."

"Itikise."

Nikaitikisa, nikaigonga mezani ili asikie. Kalamu ilikuwa nzima. Kilichogoma ni mkono. Siku hiyo binti yangu alikuwa ametimiza miezi mitano kwa bibi yake, kijiji kimoja karibu na Kharumwa, na mimi nilikuwa hapa Kambarage, mjini Shinyanga, nasubiri kuitwa.

Nieleze hili mapema, maana najua kuna watu watasema nilimtupa mtoto. Kwetu mtoto akikataa kuacha ziwa anapelekwa kwa bibi. Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi kumi na alinyonya kama mtu aliyeajiriwa kunyonya. Nilijipaka mwarobaini. Aliupangusa kwa kiganja, akanitazama kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu, akaendelea. Nilijipaka pilipili. Alilia, nikalia, akaendelea. Basi ikaamuliwa aende kwa bibi. Na huko kuna sharti moja, halina mjadala: mama haonekani. Mama akionekana hata mara moja kazi yote imeharibika, mtoto anarudi ziwani. Bibi ndiye anayejua ni lini amesahau. Wewe unakaa kwako, unafunga kifua kwa kanga, maziwa yanakuuma mpaka kwapani, unasubiri neno.

Aliyetoa wazo ni baba yake. Yeye yuko Geita kwenye machimbo madogo, ni msimamizi wa duara. Duara ni shimo la dhahabu, na msimamizi ndiye anayesema leo anashuka nani na nani anabaki juu. Watu wazima wanamwita "mkuu" na kumpisha kiti. Alikuja Shinyanga kwa pikipiki yake, akamfunga mtoto kifuani kwa shuka, akasema, "Wiki mbili tu, mama mtoto. Utapumzika."

Mama mkwe akanipigia siku hiyo hiyo. "Amefika. Usije mpaka nikuite."

Wiki ya pili nikaambiwa bado ananitaja. Mwezi wa pili ana mafua. Mwezi wa tatu mvua imekata barabara. Kila nikimpigia mume wangu anasema, "Mama anajua anachofanya. Haraka yako ya nini?" Maziwa yalikauka yenyewe. Hakuna aliyeniita.

Nyumba ya Mzee niliingia kufua. Ni familia ya Kihindi, Waislamu, wana duka la vifaa vya ujenzi ambalo sasa anaendesha mwanawe. Mke wa mwanawe alikuwa anashuku wafuaji wote kwamba wanapoteza soksi, kwa hiyo kila Jumatatu nilikuwa naandika orodha ya nguo ninazopokea, naisoma kwa sauti, anasaini. Siku moja Mzee alinisikia nikisoma kutoka chumbani kwake. Akaita, "Nani huyo anasoma soksi kama anasoma hotuba?"

Ndivyo nilivyopata kazi ya kuandika. Nina kidato cha nne na mwandiko wa kueleweka, basi.

Habari aliyotaka iandikwe ni ya babu wa babu yake, sijui mababu wangapi huko nyuma, aliyekuwa liwali wa jimbo huko India, zamani za wafalme wakuu Waislamu. Kulikuwa na kitabu cha maisha yake. Baba yake Mzee alikuwa akiwasomea kila Ijumaa baada ya chakula, kwa lugha yao. Kitabu kikawekwa stoo ya duka, mchwa wakakila, wakabakiza jalada. Mzee alikuwa amebaki na hadithi kichwani, na wajukuu zake wametawanyika kila mji.

"Kwa nini Kiswahili, Mzee?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Kwa nini si lugha yenu?"

"Wajukuu wangu lugha yetu wanaijua ya kuombea chakula. Kiswahili ndiyo wanatumia wakigombana." Akageuza uso dirishani. "Na nataka iishe kabla sijapasuliwa Mwanza."

"Mzee, wanapasua jicho, hawapasui kifua."

"Wewe umesomea udaktari?"

"Nimesomea mpaka kidato cha nne."

"Basi andika."

Tukaandika. Asubuhi nilikuwa nafua, saa nane mchana nakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kitanda chake na kaunta buku magotini. Nakiri ilinishika. Nilikuwa nadhani liwali ni mtu wa kukaa kwenye mito na kupepewa. Mzee akanieleza maisha ya mtu aliyeogopa kila siku.

Liwali alikuwa na jimbo zima, watu wa kumwinamia, wapanda farasi wasiohesabika, lakini kukaa kwenye roshani ya juu watu wakimtazama kutoka chini hakuruhusiwa, maana hiyo ilikuwa ya mfalme peke yake. Alipanda miembe na makomamanga kwenye bustani ya kila mji aliopelekwa, na hakuwahi kula tunda la mti aliopanda, kwa sababu kabla haujazaa ameshahamishwa. Hakutakiwa kuzoeana na watu. Na pale barazani kwake kulikuwa na mwandishi ambaye hakuwa wake. Mwandishi huyo aliandika liwali kasema nini, kacheka na nani, kalala saa ngapi, na barua zilikwenda moja kwa moja kwa mfalme. Liwali alimkaribisha chai kila siku.

"Alikuwa anajua?" niliuliza.

"Kila mtu alikuwa anajua. Ndiyo maana yake."

Barua ya mfalme ikija, liwali hakuisubiri nyumbani. Alitoka nje ya mji kwa miguu, jua likimpiga, akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kichwa kabla ya kuifungua. Huenda ndani imeandikwa umefukuzwa. Huenda imeandikwa njoo ukatwe kichwa. Unaiweka kichwani kwanza.

Mzee alikuwa akiyasema haya kifua mbele, kana kwamba barua ililetwa kwake mwenyewe na ameipokea vizuri.

Halafu tukafika kwa mtoto. Liwali alipopewa jimbo lake la mbali kabisa, alimwacha mwanawe wa miaka mitano kasrini kwa mfalme. Walisema ni heshima, mtoto atalelewa na wana wa wafalme, atafundishwa upanga na mashairi.

"Dhamana," nikasema.

"Heshima," akasema Mzee.

"Mzee, baba akikorofisha huko jimboni, mtoto anafanywa nini?"

"Hakukorofisha."

Hapo ndipo aliposema liwali hakuruhusiwa kwenda kumwona mpaka aitwe. Kuondoka jimboni bila kuitwa ni uasi. Mtoto akaugua homa mwaka mmoja, liwali akaandika barua ya kuomba ruhusa. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Mwandishi asiye wake naye akaandika yake: liwali hali chakula, liwali anatembea bustanini. Ruhusa haikuja.

"Akafanyaje?"

"Alikaa." Mzee akalipiga goti lake kwa kiganja. "Alikaa, binti. Huo ndio utii."

"Na mama yake?"

"Mama yake nani?"

"Mama wa mtoto. Alisemaje?"

"Mama yake hakuandikwa."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema, mama yake hakuandikwa, nikayapigia mstari chini mpaka karatasi ikataka kuchanika. Nilirudi chumbani kwangu nikampigia mama mkwe mara saba. Simu iliita tu.

Wiki iliyofuata tulifika mahali mtoto anaporudi. Sasa ana miaka kumi na sita. Mfalme ameridhika na baba, anamrudisha kijana na vazi la heshima. Liwali anatoka nje ya mji kumpokea, kwa miguu, kama anavyopokea barua. Kijana anashuka kwenye farasi. Anainama, anagusa ardhi kwa mkono, anaupeleka kwenye paji la uso, anasema maneno marefu mazuri kwa lugha ya kasri, kama angemsalimia ofisa yeyote. Hakumwita baba. Liwali alifurahi, alisema Mzee, akachinja kondoo, mji mzima ukala, kila mtu akasifu adabu za kijana.

Nilifunga kaunta buku.

"Kesho siji," nikasema. "Na keshokutwa."

"Unakwenda wapi?"

"Kharumwa. Kumchukua mwanangu."

Alikuwa anajua habari zangu, nilishamsimulia. Akainua uso kunitafuta kwa yale macho meupe. "Wameshakuita?"

"Hawajaniita."

"Sasa nani amekuruhusu?"

"Hakuna," nikasema, nikachukua pochi yangu nikatoka. Mke wa mwanawe akaniuliza mlangoni soksi ngapi. Nikamwambia azihesabu mwenyewe.

Nilifika Jumamosi, saa tisa alasiri, baada ya kubadilisha magari mawili na kumalizia kwa bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno makali sana, nimeyapanga vizuri kama vyombo kabatini.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini uani, mbele yake rundo la viazi vitamu, anakata vipande vyembamba vya kuanika michembe. Uwanja mzima ulikuwa umetandazwa viazi, mweupe. Binti yangu alikuwa amechuchumaa pembeni anafukuza kuku kwa kijiti. Wamemnyoa kichwa. Amevaa gauni la bluu ambalo silijui. Amerefuka miguu.

Nilisimama. Sikusema hata neno moja kati ya yale niliyopanga.

Akaniona. Akaangusha kijiti, akaja hatua tatu, akapiga magoti kwenye vumbi kama watoto wanavyofundishwa, akaangalia chini.

"Mwadila," akasema. Ni salamu ya mchana ya Kisukuma. Kwa sauti nyembamba, safi, ya kusalimia mgeni.

Kisha akainuka, akarudi kwa kuku wake.

Bibi yake alikuwa ananitazama, kisu mkononi. "Mbona huitikii? Mtoto amekusalimia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kumchukua mwanangu."

Akakata kiazi kimoja mpaka kikaisha kabla ya kujibu. "Umenikuta nimemla? Anakula, ananenepa, haharishi. Ziwa hataki hata kulisikia. Si ndicho ulichomletea?"

"Niliambiwa wiki mbili."

"Nani alikuambia?"

"Baba yake."

"Kamuulize baba yake."

"Mama, nakuuliza wewe. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Mwezi wa sita huu. Hata mbuzi akikopeshwa, mwenye mbuzi huwa anapewa taarifa zake."

"Mbuzi hana mdomo kama wako," akasema. "Kaa chini. Chukua kisu."

Nilikaa. Sijui kwa nini nilikaa. Labda kwa sababu mtu hawezi kumfokea mama mkwe akiwa amesimama na yeye amekaa, hata akiwa na hasira kama yangu. Nikakata viazi. Binti yangu alikuwa anapita kati yetu akiokota vipande vilivyoanguka, kila akikaribia kwangu anazunguka, kama mtu anavyozunguka ng'ombe asiyemjua.

Akamwita bibi yake, "Mayu." Kwetu mayu ni mama.

"Anakuita mayu," nikasema.

"Atamwita nani?"

Kisu kikanikata kidole. Nikakinyonya damu, nikaendelea kukata.

Baada ya muda mama mkwe akaanza kusema bila kuniangalia. Wanawe watatu waliingia machimboni. Wa kwanza hajui yuko wapi, mara anasikia yuko Chunya, mara ameonekana mpakani. Wa pili walimletea nguo zake tu. Huyu mume wangu ndiye wa mwisho. "Mwanaume akishaonja lile vumbi hakumbuki aliyemzaa," akasema. "Lakini mtoto wake mwenyewe atamkumbuka. Mtoto akiwa hapa, atakuja hapa. Tulipatana hivyo, mimi na yeye. Nikae na mtoto, yeye aje kila mwezi."

"Mimi sikuwepo mkipatana."

"Hukuwepo."

"Na amekuja mara ngapi?"

Akavuta rundo jingine la viazi. "Atakuja."

Nililala hapo. Mtoto alilala kwa bibi yake. Asubuhi alinikuta naosha uso, akapiga magoti tena. "Mwangaluka," akasema, sasa ya asubuhi. Nikaitikia. Kama ningefungua mdomo kusema neno jingine ningepiga yowe, na angezidi kuniogopa.

Mume wangu hupiga simu kwa mama yake Jumapili saa nne. Nyumbani pale mtandao haukamati, mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Saa nne kasoro mama mkwe aliacha kila kitu. Alinawa mikono mpaka viwiko. Akabadilisha kanga, akavaa ile mpya, akajifunga kilemba vizuri, akamshika mtoto mkono na kwenda kusimama juu ya kichuguu, kwenye jua, simu ameishika kwa mikono miwili, anasubiri iite. Mtu atakayempigia hamwoni. Lakini alijitengeneza hivyo.

Niliwafuata, nikasimama chini. Simu yake ni ya zamani, sipika ya sikioni ilishakufa, kwa hiyo anaongea kwa sauti ya nje, kila mtu anasikia mpaka ng'ombe.

Ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mama yake yuko hapa."

Nyuma ya sauti yake nilisikia karasha, mashine za machimboni, zikisaga mawe.

"Nani kamwita?"

Maneno yale yale. Mzee kauliza hivyo, mama mkwe kauliza hivyo, sasa na huyu.

"Kajileta," akasema mama mkwe.

"Usimpe, mama. Unanisikia? Usimpe. Akishamchukua huyo mtoto hana tena cha kumweka Shinyanga. Wiki hiyo hiyo utasikia yuko Geita, kanisimamia mlangoni."

Nilikuwa nimekuja na hesabu moja kichwani: mtoto amewekwa ili baba arudi. Kumbe mtoto amewekwa ili mimi nisiende. Mimi ndiye niliyekuwa nimefungwa. Kila siku niliyokaa Kambarage nikifua na kungoja neno, nikijiona mama mwenye subira, nilikuwa nafanya alichotaka nifanye.

"Akikusimamia mlangoni kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Mama, wewe kaa na mtoto."

"Nakuuliza mlangoni kwako kuna nini."

"Mambo ya nyumba yangu niachie mimi."

"Uliniambia nikikaa na mtoto utakuja kila mwezi. Huu ni mwezi wa sita. Hujaja hata mara moja."

"Duara limeanza kutoa, mama. Siwezi kuwaacha watu. Mimi ndiye mkuu hapa. Nitakuja."

"Lini?"

"Nitakwambia lini. Wewe subiri nikwambie."

Mama mkwe akaitazama ile simu. Mtoto alikuwa anavuta pindo la kanga yake mpya, anataka apewe aongee. Hakumpa.

"Sauti iko juu," akasema. "Mkeo anasikia."

Karasha zikasaga kidogo. Halafu simu ikakatwa.

Akashuka kichuguu taratibu, anapima kila hatua. Akanipita. Nikamfuata mpaka uani, na sasa maneno yalikuwa yamerudi yote, tena yameongezeka. "Mama, umesikia. Umesikia mwenyewe. Mimi naondoka na mwanangu leo, na kama kuna mtu..."

"Sikukupa," akasema.

"Mama."

"Usije ukasema mahali nilikupa. Aliniambia nisikupe, na mimi sikukupa." Aliingia jikoni, akatoka na ndoo. Kulikuwa na ndoo mbili, nilizijaza mwenyewe asubuhi ile. Aliyoishika ilikuwa imejaa mpaka juu. Akaimwaga yote kwenye shina la mboga za maboga, maji yakakimbia mpaka kwenye viazi vilivyoanikwa, akaviangalia vikilowa. "Naenda kuteka maji. Kisima kiko mbali. Nikirudi nisikukute."

Mtoto akataka kumfuata. Akamwambia kitu kwa Kisukuma, haraka haraka, nikasikia neno moja tu, mgeni. Mtoto akabaki. Yeye akaondoka na ndoo tupu, kilemba kikiwa bado kimefungwa vizuri, na hakugeuka nyuma.

Nikamchukua mwanangu. Siwezi kusema alikubali. Alipiga mateke, aliniuma bega, alimwita mayu kwa sauti iliyotoa majirani nje. Mwanamke mmoja akauliza, "Dada, huyo mtoto ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu, na nilivyomwambia sidhani kama aliuliza tena mtu swali siku ile. Kijana wa bodaboda alitaka kujua kama kuna matatizo. Nikamwambia matatizo yapo, washa pikipiki.

Alilia mpaka Kharumwa. Kwenye gari alilia mpaka akalala, akaamka, akaona ni mimi, akaanza upya.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee na mtoto mgongoni, maana sikuwa na wa kumwachia na hata angekuwepo nisingemwachia. Mzee alikuwa amenuna.

"Siku mbili kamili. Umeondoka bila ruhusa."

"Ndiyo."

"Liwali hakufanya hivyo."

"Hakufanya, Mzee. Ndiyo maana mwanawe alimsalimia kama ofisa."

Mtoto nikamweka chini. Akamwangalia yule mzee wa macho meupe, akapiga magoti, akamsalimia, na Mzee akasema marahaba, marahaba, akanyoosha mkono hewani kumtafuta kichwa. Mtoto akaukwepa.

"Alikusalimia hivyo hivyo?" Mzee akauliza polepole. "Wewe?"

"Hivyo hivyo. Kwa magoti."

Shangazi yake mmoja, Mzee akasema, alikuwa akisimulia kwamba mke wa liwali hakwenda kwenye ile karamu ya kondoo. Alijifungia ndani siku nzima. Baba yake alikuwa akimkatiza yule shangazi, hilo halimo kitabuni.

"Kitabu kimeliwa na mchwa," nikasema.

"Basi andika."

Nikaandika. Ulitoka ukurasa na nusu. Nusu ni yangu, na nilipomsomea hakuuliza ni ipi.

Baba yake mtoto amepiga simu mara nyingi. Sijapokea. Geita sikwenda. Aliogopa nitamsimamia mlangoni. Mlango wake aendelee kuulinda, sina shida nao. Mama mkwe hajapiga. Nilimtumia ujumbe kwamba mtoto anakula, hakujibu, lakini najua anasomewa na jirani.

Hasira yangu haijaisha, asije mtu akadhani. Kila asubuhi ilikuwa inaanza upya, kwa sababu kila asubuhi binti yangu aliamka kwenye kitanda changu, akateremka, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kusema, "Mwangaluka." Na mimi nilikuwa naitikia. Sikumkemea. Sikumfundisha kuniita mama. Nilikuwa nasubiri tu, na kusubiri najua, nimefundishwa vizuri.

Siku ya tisa aliamka, akanipita mlangoni bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria na kufunua mfuniko. Ilikuwa tupu.

"Uji uko wapi?" akasema. Kwa ukali, kama mtu aliye kwao.

Nikachuchumaa nikawasha mkaa.